Je, noti yangu ya 1,000 ni bandia?

SWALI: Nina duka la rejareja. Nimepokea noti mbili za 1,000 zenye nyuzi zisizofanana. Pia wateja wanasema noti zenye sura ya rais ziko njiani na hizi zitafutwa. Nifanyeje?

JIBU: Nyuzi kutofanana si ushahidi wa noti bandia. Agosti 2024 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza noti zenye uzi mpya wa usalama, mwaka 2024 na sahihi mpya, ikiwemo ya Gavana Kamau Thugge. Mengine hayakubadilika, na za 2019 bado ni halali.

Kuhusu sura ya rais, hizo ni porojo. Kifungu cha 231(4) cha Katiba kinakataza picha ya mtu yeyote kwenye noti. (Sanamu ya Mzee Kenyatta inaonekana kwenye noti hizi kando ya jumba la KICC, ndiyo, lakini suala hilo lilifika kortini na noti zikabaki.)

Sasa shika noti mojamoja. Pitisha kidole juu ya maneno "Jamhuri ya Kenya": yanakwaruza kidogo. Iinue kwenye mwanga. Kichwa cha simba kijitokeze ndani ya karatasi, si juu yake. Kisha iinamishe huku na huku, uzi ubadilike rangi. Wanaoghushi kwa printa hupata picha nzuri sana, lakini uzi wao hukaa rangi ileile. Ukiwa na shaka, usimpe mteja mwingine noti hiyo kama chenji. Ipeleke benki au polisi.