Zahanati ya Kijiji: Asili na Mapato Yake

Somo letu la mara hii ni juu ya zahanati za vijijini. Miji yetu ya pwani haikosi watu wenye moyo wa kutoa. Msikiti ukitaka mikeka, mikeka huja; kisima kikitaka kuchimbwa, huchimbwa. Na wako wengi watamanio kuwajengea ndugu zao wa mashambani nyumba ya matibabu. Nia hiyo ni njema, na malipo yake yako kwa Mola. Lakini kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji, yatupasa tuulize swali moja: mwaka wa pili, zahanati hii italishwa na nani?

Swali hili si la kuvunja moyo. Mama atokwaye na damu nyingi baada ya kujifungua aweza kufa katika muda wa saa mbili, ijapokuwa asubuhi yake alikuwa mzima. Mtoto aharishaye hukaukiwa na maji ya mwili upesi. Watu hawa hawafi kwa kukosa ukuta na bati. Hufa kwa kukosa muuguzi aliyepo, dawa iliyopo, na chombo cha kuwapeleka mbele. Nyumba nzuri iliyotiwa kufuli haiwafai kitu. Bali huwadhuru, kwa kuwa mgonjwa hupelekwa hapo kwanza, akapoteza saa ambayo angeweza kuokoka.

Waliotutangulia walilifahamu jambo hili. Sayyidna Umar alipopata shamba la Khaibar, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza aizuie asili yake, isiuzwe wala isirithiwe, na matunda yake yatolewe sadaka. Huo ndio msingi wa wakfu: asili hukaa, mapato hutoka. Kwa msingi huo Nuruddin Zangi alijenga hospitali yake mjini Damascus mwaka 1154, na Sultani Qalawun akajenga yake mjini Cairo mwaka 1284. Matajiri na masikini, wanaume na wanawake, walitibiwa humo. Wafalme hao hawakuacha majengo matupu. Waliziwekea hospitali zao mali za wakfu zenye kuzaa, zilipe waganga, dawa na chakula cha wagonjwa. Ndiyo maana zilitibu watu kwa karne nyingi baada ya waliozijenga kuingia makaburini.

Na ulimwengu wa leo umefika karibu na hapo kwa njia nyingine. Mwezi wa Septemba 1978, wajumbe wa serikali 134 walikutana Alma-Ata, wakakubaliana kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga na kuendesha huduma za afya yao. Basi zahanati si zawadi ya mwenye mji kwa mtu wa shamba. Ni kazi ya wote wawili.

Ama njia ya kuifuata, ni hii.

Kwanza, wenyeji waulizwe, na khasa wanawake, kwani wao ndio wachukuao watoto mgongoni. Wakunga wa kijiji nao waitwe kwa heshima. Mkunga aliyekaribishwa humleta mzazi kabla mambo hayajaharibika. Aliyedharauliwa hukaa naye nyumbani.

Pili, serikali ya kaunti ionwe kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Tangu mwaka 2013 zahanati za umma ziko chini ya kaunti, kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Makubaliano ya muuguzi na dawa yaandikwe, yatiwe saini. Ahadi ya mdomo siku ya karamu haitibu mtu.

Tatu, kiwanja kiwe na hati, ili mrithi asije kesho akadai shamba la babu yake.

Nne, yaangaliwe maji, choo, na umeme. Chanjo nyingi hutaka baridi ya nyuzi 2 mpaka 8 mchana na usiku. Friji ikizimika, chanjo huweza kuharibika, na aliyechanjwa hudhani amekingwa.

Tano, iwepo kamati yenye wanaume na wanawake wa kijiji, na hesabu zisomwe mbele ya watu kila miezi mitatu.

Sita, na hili ndilo kubwa, pawekwe wakfu. Tuchukue mfano. Jamaa wa mjini wameweka wakfu maduka mawili, kila duka kodi yake shilingi 10,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 240,000. Robo yake, 60,000, iwekwe kwa kuyatengeneza maduka yenyewe, maana wakfu usiotengenezwa hufa. Zabaki 180,000, yaani 15,000 kila mwezi. Fedha hizo haziwezi kuchukua mahali pa kaunti. Lakini zaweza kununua mafuta ya gari usiku wa dharura, kubadili betri ya umeme wa jua, na kutengeneza bomba lililovunjika. Na mambo madogo kama hayo ndiyo yafungayo zahanati.

Watu watasema: Hii si kazi ya serikali? Naam, ni kazi yake, na Katiba katika Ibara ya 43 imempa kila mtu haki ya afya, tena yakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Haki hiyo tuidai bila ya kuchoka. Lakini kudai hakumzuii mtu kutenda, na mwenye kutenda husikizwa zaidi anapodai.

Wazee wetu walisema, ngoma ivumayo haidumu. Siku ya ufunguzi huwa na mahema, pilau na picha. Mgonjwa huja siku isiyokuwa na hayo. Basi, ndugu msomaji, ukiletewa orodha ya mchango wa zahanati, toa. Lakini uliza mambo matatu: muuguzi analipwa na nani, hesabu zinasomwa wapi, na wakfu wake ni upi? Ikiwa wakfu haupo, uanze kwako, hata kwa mnazi mmoja. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.