Hesabu ya Umeme Kabla ya Kuchomeka Plagi

Chukua pasi yako ikiwa imechomolewa na imepoa, igeuze, utafute kibandiko chake. Pasi nyingi huandikwa namba kama 230V na 1000W. V ni volti, yaani msukumo unaoletwa na nyaya hadi kwenye soketi; kwa Tanzania umeme wa majumbani umepangiwa volti 230. W ni wati, yaani nguvu ambayo kifaa hutumia kinapofanya kazi. Mara nyingi kibandiko hakitaji mkondo unaopita kwenye waya, ambao hupimwa kwa ampea, wala ukinzani wa kifaa, ambao hupimwa kwa omu. Hivyo viwili utavipata mwenyewe kwa kalamu na karatasi.

Kanuni ni mbili. Ya kwanza aliichapisha Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827: volti ni sawa na ampea mara omu. Ya pili: wati ni sawa na volti mara ampea. Tuanze na pasi. Gawanya 1000 kwa 230, unapata ampea 4.35. Sasa gawanya 230 kwa 4.35, unapata omu 53 hivi, na huo ndio ukinzani wa koili ya pasi ikiwa inapasha. Fundi mwenye mita huanzia upande wa pili. Akikuta jagi la kuchemshia maji linavuta ampea 9 kwenye volti 225, atagawanya 225 kwa 9 apate omu 25, kisha atazidisha 225 kwa 9 apate wati 2025.

Hesabu hii hukaa sawasawa kwa vifaa vya kupasha joto: pasi, jagi, hita, jiko la koili. Friji, feni na pampu zina mota, na kwao volti mara ampea huzidi wati halisi. Usishangae namba zisipolingana.

Umeme ukipungua nguvu

Jioni, mtaa mzima unapopika, huenda soketi yako ikabaki na volti 180. Koili ya pasi ni ileile ya omu 53. Gawanya 180 kwa 53: mkondo umeshuka hadi ampea 3.4, na nguvu imebaki wati 612 tu. Volti zimepungua kwa kama moja ya tano, lakini joto limepungua kwa karibu mbili ya tano, kwa sababu msukumo ukishuka mkondo nao hushuka. Ndiyo maana shati halinyooki hata ungeikandamiza pasi vipi. Pasi yenyewe haidhuriki. Friji ndiyo ya kuogopewa, kwani mota yake ikishindwa kuanza kwa volti ndogo huvuta mkondo mkubwa na inaweza kuungua. Ichomoe mpaka umeme utulie.

Ekstensheni na soketi iliyolegea

Jagi la wati 2200 huvuta ampea 9.6. Lichomeke pamoja na pasi kwenye ekstensheni moja, utafikisha ampea 14 karibu. Ekstensheni nyingi za bei rahisi zina waya wa milimita za mraba 0.75, ambao hubeba ampea 6. Umeubebesha zaidi ya mara mbili ya uwezo wake, na ukiwa umeviringishwa au umefichwa chini ya zulia, joto halina pa kutokea. Fyuzi ya ampea 13 ndani ya plagi haiulindi waya mwembamba namna hiyo. Na fyuzi ikikatika, tafadhali usiweke kipande cha waya wala karatasi ya pakiti ya sigara mahali pake. Hapo utakuwa umeiondoa kinga yenyewe.

Hatari ambayo watu wengi hawaijui iko kwenye maungio. Unganisha kanuni zetu mbili, utapata ya tatu: wati ni sawa na ampea mara ampea mara omu. Tuseme skrubu ya soketi imelegea na hapo pamezuka ukinzani wa nusu omu. Ukichaji simu tu, mkondo ni mdogo mno na huoni kitu. Mkondo ukifika ampea 2, joto la hapo ni wati 2. Washa jagi la ampea 10: kumi mara kumi mara nusu ni wati 50, zote zikiungua mahali padogo kama punje ya harage, zimezungukwa na plastiki. Sakiti breka haitakatika, maana kwake ampea 10 ni mzigo wa kawaida. Itakayokupa habari ni soketi yenyewe: doa la kahawia, harufu ya plastiki inayoungua, plagi ya moto unapoichomoa. Ukiona dalili mojawapo, acha kuitumia siku hiyohiyo.

Mwili wako nao una ukinzani

Ngozi kavu hukinza umeme kwa kiasi kikubwa. Ikilowa, ukinzani wa mwili unaweza kushuka hadi omu 1000 hivi, na volti 230 zikigawanywa kwa 1000 ni ampea 0.23. Vifaa vya kukata umeme unapovuja, vile vya kulinda watu, hutengenezwa kukata kwenye ampea 0.03, kwa kuwa kuanzia kiwango hicho mkondo unaweza kuua. Usiguse swichi wala plagi kwa mikono yenye maji, na hita ya kuogea isifungwe bila waya wa ethi.

Hesabu ufanye wewe. Kufungua soketi na kukaza skrubu mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, na mwombe akuoneshe leseni hiyo kabla hajaanza kazi. Ukienda dukani kununua ekstensheni, soma maandishi yaliyo ubavuni mwa waya: kwa jagi au pasi chukua wa milimita za mraba 1.5. Ukikuta waya hauna maandishi yoyote, uache dukani.