Pima Betri Kwanza: Kununua na Kuuza Gari la Umeme Pwani ya Kusini

Anayenunua gari la umeme lililotumika ananunua betri. Bodi, viti na magurudumu vinakuja nayo tu. Wauzaji wengi hawakwambii hivyo, ilhali betri ndiyo inayoamua kama gari litakutoa Ukunda hadi Msambweni na kukurudisha, na kama siku ukitaka kuliuza utampata wa kulichukua.

Gari la umeme ambalo Mkenya wa kawaida anaweza kulifikia kwa bei mara nyingi ni Nissan Leaf ya mtumba kutoka Japani. Ilianza kuuzwa Desemba 2010 ikiwa na betri ya uniti 24, tukihesabu uniti zile zile za tokeni ya stima. Baadaye ikaja ya uniti 30, mwishoni mwa 2017 ya 40, na mwaka 2019 ya 62. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka minane, magari yanayoshushwa bandari ya Mombasa mwaka 2026 sharti yawe yamesajiliwa mara ya kwanza 2019 au baada ya hapo. Kwa hivyo Leaf inayoingia sasa ni ya uniti 40 au 62. Zile za 24 na 30 ni zilizoingia zamani, na leo zinauzwa na Wakenya kwa Wakenya wenzao. Bei yake inavutia, na ndizo zinazohitaji kuchunguzwa zaidi.

Betri ya gari haizimiki siku moja kama taa. Hupungua ujazo pole pole. Kampuni ya Geotab ya Kanada, iliyofuatilia maelfu ya magari ya umeme, imekuwa ikipata kwamba kwa wastani betri hupoteza takriban asilimia 2 kwa mwaka. Kwa kipimo hicho, gari la miaka minane lingekuwa bado na zaidi ya asilimia 80 ya nguvu yake. Lakini wastani huo una magari yenye mfumo wa maji wa kupoza betri, na Leaf hizi hazina mfumo huo. Betri yake hutegemea hewa inayopita. Mwaka 2012, wenye Leaf kule Phoenix, jimbo la Arizona, walilalamika kwamba betri zao zilikuwa zikipungua haraka kwa sababu ya joto la jangwani, na Nissan ikalazimika kutoa dhamana maalumu ya ujazo wa betri.

Pwani yetu si Arizona, lakini joto letu halipumziki usiku. Msimu wa kaskazi, hasa Februari na Machi, gari lililoanikwa juani kutwa pale Diani na kisha kuchajiwa hadi asilimia 100 likakaa hivyo hivyo linazeeka mara mbili: kwa joto na kwa kujaa. Vitu hivyo viwili vikikutana, kemikali za ndani hula madini ya lithiamu yanayobeba chaji, na kilicholiwa hakirudi. Dawa yake haina gharama. Egesha chini ya mwembe au banda la makuti. Ukitoka safari ndefu, liache gari lipoe kabla ya kuchaji. Siku za kawaida chaji hadi 80, na ujaze mia asubuhi ya safari tu. Ushauri huu wa 80 ni wa betri kama za Leaf. Magari ya BYD yenye betri za chuma na fosfeti huvumilia kujazwa vizuri zaidi.

Chumvi nayo isisahaulike. Upepo wa bahari unaokula mabati ya nyumba hula pia bolti za chini ya gari na pini za soketi ya kuchajia. Osha tumbo la gari kwa maji baridi mara kwa mara, na unapokagua gari, inama uangalie chini yake kwanza.

Sasa kwenye ukaguzi wenyewe. Washa Leaf, tazama kipimo cha chaji upande wa kulia wa dashibodi. Pembeni kuna vipau vidogo 12. Hivyo havionyeshi chaji ya leo. Vinaonyesha afya ya betri. Kipau cha kwanza kikipotea, betri imeshapoteza karibu asilimia 15. Vinavyofuata, kila kimoja ni kama asilimia 6. Vikibaki tisa, zaidi ya robo imekwenda. Vipau, hata hivyo, vinaweza kurekebishwa na fundi mjanja vionekane vyote kwa siku chache. Ndiyo maana fundi anayejua kazi yake huja na kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani na programu ya simu iitwayo LeafSpy, akasoma asilimia ya afya na hali ya kila seli. Muuzaji akikataa kifaa hicho kichomekwe, ondoka.

Kipimo cha pili kinakupa barabara yenyewe. Anza Ukunda na betri imejaa, nenda Msambweni na urudi kwa mwendo wa kawaida. Ni kama kilomita 50, na gari litakula uniti saba na nusu hivi. Leaf ya 40 iliyo nzima itatumia karibu asilimia 20. Ya 24 ilipokuwa mpya ingetumia kama 35. Ukiona imekwenda nusu, jua betri imebaki na asilimia 70 au pungufu, na bei ishuke kwa kiasi hicho. Ukiweza, panda pia kutoka Kombani hadi Kwale mjini. Mlima ule wa Shimba ni karibu mita 400, na gari zima zima halihitaji hata uniti mbili za ziada kuupanda, kisha linarudishiwa sehemu ya nguvu hiyo likishuka. Asilimia zikiporomoka ghafla mlimani, kuna seli dhaifu ndani.

Upande wa petroli, hesabu ni rahisi. Tuchukue lita kwa Sh180 na gari dogo kama Vitz linalokwenda kilomita 15 kwa lita: Sh12 kwa kilomita. Leaf inahitaji takriban uniti 17 kwa kilomita 100, pamoja na zinazopotea wakati wa kuchaji. Uniti ikiwa Sh30, ni Sh5 na ushee. Mwenye kwenda kilomita 1,000 kwa mwezi anabakiza karibu Sh7,000. Hakuna oili ya injini, hakuna plagi, na breki hukaa muda mrefu. Angalizo moja: ukianza kuchaji nyumbani, matumizi yako yatavuka uniti 100 kwa mwezi, na utahamishwa kwenye kundi la bei ya juu kwa stima yote ya nyumba. Mwenye teksi kadhaa aulizie Kenya Power bei maalumu ya magari ya umeme, iliyoanza Aprili 2023 ikiwa Sh16 kwa uniti, na Sh8 saa za usiku, kabla ya kodi na tozo. Inahitaji mita yake peke yake.

Petroli inashinda kwenye kuuza. Probox iliyochoka hupata mteja Ukunda, Kinango au Lungalunga, kwa sababu kila gereji inaijua na vipuri viko kila mahali. Leaf ina wateja wachache na mafundi wachache zaidi. Pia teknolojia mpya inaishusha bei: kwa hesabu za BloombergNEF, uniti moja ya betri iliyokuwa zaidi ya dola 1,000 mwaka 2010 ilifika dola 115 mwaka 2024. Gari jipya likishuka, la zamani hushuka pamoja nalo. Hata kampuni kubwa ya kukodisha magari, Hertz, ilitangaza Januari 2024 kuuza magari 20,000 ya umeme huko Marekani, na moja ya sababu ni kwamba thamani yake ilikuwa ikianguka kupita ilivyotarajiwa.

Kwa maoni yangu, mwalimu anayeishi Msambweni na kufundisha Ukunda, au mwenye teksi ya kuzungusha wageni Diani, anaweza kununua Leaf ya 40 yenye afya ya asilimia 85 na kuendelea, aitumie miaka mitano, asitegemee kurudisha pesa kwa kuiuza. Faida yake ataipata barabarani. Anayekwenda Lungalunga na kurudi Likoni kila wiki, karibu kilomita 200, au anayepanga kuuza baada ya miaka miwili, abaki na petroli kwa sasa. Leaf ya Japani pia hutumia soketi ya CHAdeMO kwa chaji ya haraka, wakati vituo vingi vipya duniani vinajengwa kwa soketi nyingine. Hakikisha kituo unachokitegemea kinaipokea.

Vijana wa bodaboda hesabu yao ni tofauti. Tangu Rais Ruto azindue mpango wa pikipiki za umeme Mombasa, Septemba 2023, kampuni kama Spiro hutumia mtindo wa kubadilishana betri: inayoisha unaiacha kituoni, unachukua iliyojaa. Uzee wa betri hapo si mzigo wako. Lakini ukiuza, unauza pikipiki isiyo na betri, na mnunuzi atauliza kituo kiko wapi. Soma mkataba kabla ya kuweka sahihi, uone kama unaruhusiwa kuuza, na kwa masharti gani.

Na mwenye Leaf kuukuu asiiuze kwa bei ya chuma chakavu. Betri ya uniti 24 iliyobaki nusu bado hubeba zaidi ya uniti 10, zinazotosha taa, friji na televisheni ya nyumba yenye sola usiku kucha. Kuifungua ni kazi ya fundi aliyesomea: ndani kuna volti karibu 360, na zinaua hata gari likiwa limezimwa.