Vitamini Nazo Zikizidi

Muhula wa mtihani ukibisha hodi, masanduku ya bwenini huanza kulia kama kayamba. Ndani mna chupa za tembe: za vitamini C zenye ladha ya chungwa, za vitamini B za "kuongeza akili", na nyingine zenye majina ya kuuma ulimi. Muulize mwenyewe mbona ameza tatu ilhali karatasi yasema moja, naye atakujibu, "Kwani hizi si chakula tu? Zikizidi si zitatoka na mkojo!"

Jibu hilo ni kweli nusu. Vitamini za B na C huyeyuka majini, na mwili ukishatosheka mafigo huziondoa nyingi. Lakini A, D, E na K huyeyuka katika mafuta. Hasa A na D mwili huziweka akiba, kwenye ini na kwenye mafuta, na akiba ikifurika ndipo mtu huanza kuona cha mtema kuni.

Mnamo mwaka 1597 mabaharia wa Kiholanzi walioongozwa na Willem Barentsz walikuwa wamekwama kwenye barafu huko Novaya Zemlya, kaskazini mwa Urusi. Waliua dubu mweupe wakapika ini lake. Wote waliugua, na watatu kati yao wakambuka ngozi kuanzia utosini hadi unyayoni! Hawakujua kilichowasibu. Katika karne ya 20 ndipo wanasayansi walipopima ini la dubu huyo wakakuta limejaa vitamini A kupita kiasi.

Lakini ya nini kwenda mbali hivyo? Mwaka 1973, huko Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, Mkenya mwenzetu Kamoya Kimeu aligundua mifupa ya mwanamke wa kale sana, wa miaka kama milioni 1.7 iliyopita. Mifupa yake ilikuwa imefunikwa tabaka nene lisilo la kawaida. Mwaka 1982 Alan Walker, Richard Leakey na mwenzao mmoja walieleza kwamba huenda bibi huyo alikula maini ya wanyama walao nyama, vitamini A ikamzidi, mifupa ikaharibika. Wengine wamesema huenda ni buba, na wengine ati ni majana ya nyuki aliyoyala kwa wingi. Mabishano hayajesha, ila mimi naona ajabu kwamba mgonjwa wa vitamini anayetajwa kuwa wa kale kuliko wote alikuwa mwenyeji wa Turkana.

Dalili za A kuzidi ni kichwa kuuma, kichefuchefu, midomo kupasuka, ngozi kukauka, nywele kupukutika na viungo kuuma. Ikiendelea, ini huharibika, na kwa mama mjamzito mtoto aliye tumboni anaweza kuzaliwa na kasoro. Mtu mzima ahitaji mikrogramu 700 hadi 900 kwa siku, na mpaka wake ni 3,000. Sasa chukua chupa usome: tembe iliyoandikwa uniti 10,000 za vitamini A ya aina ya retino ni sawasawa na hizo 3,000. Moja tu! Na bado hujala maini ya Jumamosi.

Karoti, maembe na sukuma wiki hazina hatari hiyo, maana mwili hugeuza karotini yake kwa kadiri unavyohitaji. Ukizidisha karoti, viganja vitakuwa vya manjano tu. Ila karotini ikitiwa kwenye tembe mambo hubadilika. Huko Ufini wavutaji sigara walipewa miligramu 20 kila siku kwa miaka kadhaa, wakitarajiwa kukingwa na saratani. Matokeo yalipotolewa mwaka 1994, waliopewa karotini ndio walioongoza kwa saratani ya mapafu!

Na hizo za kuyeyuka majini? Vitamini C ikipita miligramu 2,000 kwa siku, tumbo huendesha, na kwa wengine huja mawe ya figo. Tembe nyingi huwa na 1,000, kwa hivyo yule wa tatu kwa siku keshavuka mpaka. Tena haizuii mafua kama watu wengi wanavyoamini.

Vitamini B6 ndiyo ya kushangaza zaidi. Mwaka 1983 madaktari wa Marekani walieleza habari za watu 7 waliokuwa wakimeza gramu 2 hadi 6 kila siku. Miguu ilikufa ganzi, wakawa wanapepesuka kama walevi, na mishipa yao ya fahamu ilichukua muda mrefu kupata nafuu baada ya kuacha. Nayo D ikizidi hujaza kalisi kwenye damu: kiu isiyokwisha, kutapika, na mafigo kudhurika. Jua halina lawama hapa, maana ngozi hujua pa kukomea.

Kuna jambo moja nisingependa lichanganywe na haya. Yale matone ya vitamini A ambayo watoto wa chini ya miaka 5 hupewa kliniki kila baada ya miezi 6 yamepimwa kulingana na umri, nayo huwakinga na upofu na hata kifo. Mama akitaka kumpeleka mdogo wako, usimwambie eti umesoma gazetini ni sumu. Mbebee mtoto muende.