Muuguzi wa Bongwe na Daftari Zake Tatu

"Mimi ni muuguzi, mama wa watoto wawili, mkazi wa Bongwe, umri wangu miaka 41. Nilisomea stashahada katika chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, nikaajiriwa, kisha nikaongeza digrii ya uuguzi huku nikiendelea na zamu. Fasihi niliiacha kidato cha nne, Karatasi ya Tatu ya Kiswahili. Lakini bibi yangu mzaa mama alikuwa muimbaji, na kwa miaka mingi nimekuwa nikirekodi kwa simu nyimbo za kayamba zinazoimbwa mtu anapopungwa pepo. Nimeshajaza daftari tatu. Nataka kusoma fasihi hadi PhD. Mume wangu haniungi mkono wala hanikatazi. Kazini wananiuliza kama nimechoka na mshahara. Vyuo viwili nilivyopigia simu vimeniambia sina msingi. Kaka yangu amepata mtu Ukunda wa kuniandikia proposal kwa pesa. Je, iko njia, au nijikalie tu na kazi yangu? – Muuguzi, Bongwe."

Njia iko. Ila vyuo vilivyomjibu dada huyu havikumdanganya, na afadhali aelewe walichomaanisha kabla ya kupiga simu ya tatu. Nchini Kenya, kwa viwango vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, anayeingia uzamifu hutakiwa awe na shahada ya uzamili katika fani inayohusiana. Uzamili wenyewe wa Kiswahili au wa fasihi kwa kawaida hudai shahada ya kwanza yenye somo hilo ndani yake. Kwa hiyo digrii ya uuguzi inakwama mara mbili. Karani aliyepokea simu alisikia maneno "uuguzi" na "PhD ya fasihi" katika sentensi moja, akafunga mazungumzo. Daftari tatu hazikutajwa, na hata zingetajwa, karani hana kisanduku cha kuziandika.

Watu wa pwani wakisikia habari kama hii hukimbilia kutaja wakubwa waliofika bila vyeti. Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, hakuwa na shahada ya chuo kikuu, na bado maprofesa walisafiri kutoka Ulaya kuja kukaa miguuni pake. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alitoka gerezani mwaka 1972, mashairi aliyoyatunga kifungoni yakachapishwa mwaka uliofuata kwa jina la Sauti ya Dhiki, akafanya kazi Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mjini Dar es Salaam, akaenda BBC London, na kuanzia mwaka 1995 hadi 2011 akawa mwalimu wa Kiswahili Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani. Ni mifano ya kweli na ya fahari. Lakini kwa ombi la muuguzi huyu haisaidii sana. Vyuo viliwapokea wazee hawa kama hazina na walimu. Havikuwaandikisha kama wanafunzi wa uzamifu. Mwanafunzi hupimwa kwa karatasi. Anayemwambia dada huyu "mbona fulani hakusoma na akafika" anampa faraja ambayo hataweza kuiambatanisha na fomu yoyote.

Mfano unaomfaa zaidi ni Okot p'Bitek. Mwaka 1956 Okot alikwenda Uingereza na timu ya kandanda ya Uganda, akabaki kusoma: kwanza stashahada ya ualimu Bristol, kisha sheria Aberystwyth, halafu Oxford. Huko Oxford aliandika juu ya nyimbo za jadi za Waacholi na Walango, na alifanya hivyo katika anthropolojia. Mtu aliyekuja kuwa mmoja wa washairi wakubwa wa Afrika Mashariki, na mwalimu wa chuo kikuu Nairobi na Makerere, alizifikia nyimbo za kwao kwa mlango wa idara nyingine. Hakuomba msamaha kwa kuwa alisomea sheria. Alikuwa na nyimbo, alikuwa na lugha yake tangu utotoni, na akatafuta idara ambayo ingeziona hizo kuwa kazi.

Hapo ndipo ushauri wa safu hii ulipo. Muuguzi wa Bongwe aache kuuliza ni chuo gani kitamsamehe uuguzi wake, aulize ni idara gani inauhitaji.

Zipo. Nyimbo anazorekodi huimbwa juu ya mtu mgonjwa, mbele ya jamaa zake, na aliyezirekodi amekaa miaka mingi upande wa pili wa ugonjwa huohuo, kwenye wodi. Anajua mgonjwa anapoacha kujibu. Anajua familia huamua nini kwanza, hospitali au mganga, na mara ngapi huamua vyote viwili. Mwanafunzi aliyetoka moja kwa moja kwenye shahada ya fasihi hana ujuzi huo, na hawezi kuupata maktabani. Huko Marekani, daktari Rita Charon wa Chuo Kikuu cha Columbia alirudi darasani akiwa tabibu kamili, akapata uzamifu wa fasihi ya Kiingereza mwaka 1999 kwa kumsoma Henry James, na mwaka uliofuata akaanzisha hapohapo Columbia programu ya tiba simulizi, inayowafundisha matabibu kusikiliza hadithi ya mgonjwa kwa makini ya msomaji wa riwaya. Kwetu pia waliopita njia hii ni wanawake. Grace Ogot alikuwa muuguzi na mkunga aliyesomea Uganda na London kabla ya kuchapisha The Promised Land mwaka 1966. Moja ya hadithi zake fupi inahusu wauguzi wa hospitali ya misheni wanaogoma kubeba vyombo vya haja vya wagonjwa. Margaret Ogola, aliyeandika The River and the Source, alikuwa daktari wa watoto. Hawa wawili hawakuwa wahakiki wa chuo kikuu, lakini wanamwonyesha dada huyu kwamba wodi na fasihi ya Kenya ni majirani wa siku nyingi.

Jambo moja lazima alijue mapema, lisije likamvunja moyo baadaye. Uzamifu kuhusu nyimbo za pepo katika pwani hii upo tayari. Farouk Topan, mzaliwa wa Zanzibar aliyeanza kufundisha fasihi ya Kiswahili kwa Kiswahili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, aliwasilisha tasnifu yake Chuo Kikuu cha London mwaka 1972, na mada yake ilikuwa dhima ya nyimbo za pepo katika uganga wa Mombasa. Yeye alifanya Mombasa, na dada yuko ng'ambo ya kivuko, Udigoni, kwa Wadigo wenye lugha ya Chidigo. Aisome kazi hiyo yote kabla ya kuandika neno moja la pendekezo. Akiisoma vizuri, swali lake litajitokeza lenyewe: nini kinafanana, nini kimebadilika kwa nusu karne, na nyimbo za Chidigo zinafanya nini ambacho zile za Mombasa hazifanyi. Msomi akiona mwombaji anayemjua aliyemtangulia, na anayejua pa kuendelea, huacha haraka kuuliza alisomea nini kwanza.

Sasa njia zenyewe. Iliyo karibu zaidi ni uzamili wa anthropolojia au wa taaluma za Afrika hapa Kenya. Idara za anthropolojia zimezoea watu wa afya, kwa kuwa anthropolojia ya tiba ni tawi lake, na tasnifu ya uzamili inaweza kujengwa juu ya nyimbo zile zile. Uzamili kwa kawaida ni miaka miwili na uzamifu si chini ya mitatu. Akianza mwakani atamaliza akiwa na miaka 47 au 48, na mtumishi wa umma hustaafu kwa 60. Umri usimtishe.

Akishikilia Kiswahili chenyewe, aulizie Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, na aulizie pia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kinachofundisha kwa masafa tangu miaka ya 1990 na chenye kituo Tanga, mji ulio karibu na mpaka wa Lunga Lunga kuliko Nairobi ilivyo karibu na Ukunda. Huenda akaambiwa aanze na masomo ya kujazia pengo. Akubali. Ila kabla ya kulipa karo ya nje ya nchi, aulize Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kuhusu utambuzi wa shahada hiyo nchini.

Marekani ndiko ambako mtu mwenye shahada ya kwanza tu anaweza kuomba uzamifu moja kwa moja, na idara nyingi zinazopokea hulipa karo na posho kwa miaka mitano hivi, mwanafunzi naye akifundisha. Ushindani ni mkali mno. Maombi hufungwa Desemba na Januari, na ada ya maombi huweza kusamehewa kwa anayeandika kuomba. Ujerumani hudai uzamili kwanza, na huko mwombaji huanza kwa kumtafuta msimamizi, si ofisi. Chuo Kikuu cha Bayreuth kina wataalamu wa fasihi ya Kiswahili na kongamano la Kiswahili la kila mwaka. Huko kote, hata hivyo, kitakachosomwa kwa makini ni sampuli ya uandishi, na hiyo muuguzi huyu hana bado.

Achukue wimbo mmoja. Si daftari zima. Aandike maneno yake kwa Chidigo kama yalivyoimbwa, mstari kwa mstari, pamoja na marudio, kwa sababu anayekatisha marudio ya wimbo wa kayamba amekata nusu ya wimbo. Kamusi ya Chidigo, Kiingereza na Kiswahili iitwayo Mgombato ilichapishwa mwaka 2004, na sarufi ya lugha hiyo iliyoandikwa na Steve Nicolle ikatoka mwaka 2013. Zitamtuliza kwenye tahajia. Chini ya kila ubeti aweke Kiswahili chake. Kisha aeleze nani aliimba, nani aliitikia, matete ya kayamba yalianza kutikiswa lini na yakanyamaza lini, na mgonjwa alifanya nini maneno yalipobadilika. Halafu, na hapa ndipo uhakiki unapoanza, aseme mpangilio huo wa maneno unafanya kazi gani na kwa ushahidi upi. Kurasa 15 hadi 20. Jarida la Swahili Forum husomwa bure kwenye intaneti. Asome makala kadhaa humo aone wenzake wanavyojenga hoja. Hizo kurasa 20 ndizo zitakazompa pia watu wa kumwandikia barua za mapendekezo, maana kwa sasa wanaoweza kumsifu ni wakubwa wake wa wodini tu. Aziwasilishe kwenye kongamano la CHAKITA, chama cha Kiswahili cha taifa. Azipeleke kwa watafiti wa Makumbusho ya Taifa walioko Mombasa. Profesa hawezi kumwandikia barua mtu ambaye hajamsoma.

Kabla ya kuonyesha mtu yeyote rekodi, kuna la ruhusa, na hapa safu hii inamsisitizia. Aliyoyasikia akiwa na sare ya kazi si yake kuyatumia. Siri ya mgonjwa haifunguliwi na kiu ya elimu. Rekodi za zamani azirudishe kwa walioimba, awaeleze anataka kuzifanyia nini, na atakayekataa wimbo wake uwekwe kando. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inazipa jamii haki juu ya urithi wa namna hii, na utafiti rasmi utahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Mjukuu wa muimbaji ana nafasi ya kuaminiwa kuliko mtafiti mgeni, na kwa sababu hiyohiyo akikosea atawaumiza watu wa kwao.

Kaka ameonyesha mapenzi, na dada amshukuru. Yule mtu wa Ukunda asimlipe hata shilingi. Pendekezo la kuandikiwa huanguka kwenye usaili, swali la pili au la tatu, na likipita usaili linamfunga mwenyewe kwa miaka mitatu kwenye swali asilolijali. Hiyo pesa ilipie unukuzi wa rekodi na nauli ya Kilifi. Kama kaka anataka kusaidia, akae na watoto Jumamosi mbili kwa mwezi.

Kwa waliomuuliza kuhusu mshahara, asijibu kitu, wala asijiuzulu. Wauguzi wengi wa umma wako chini ya kaunti tangu mwaka 2013, na likizo ya masomo huombwa kwa maandishi. Uzamili unaogusa afya na jamii una nafasi nzuri zaidi ya kukubaliwa kuliko ule ulioandikwa "fasihi" peke yake, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanzia anthropolojia. Asome masharti ya kurudi kazini kabla ya kutia sahihi.

Amebaki mume, na barua imemtaja kwa sentensi moja tu. Mtu asiyeunga wala kukataza mara nyingi hajaelezwa. Dada aketi naye na kalenda na hesabu: miaka miwili ya kwanza mshahara utabaki kiasi gani, nani atapokea watoto siku za zamu ya usiku na siku za darasa, na nini kitaahirishwa nyumbani. Amsomee na wimbo mmoja, na maelezo yake, kama anavyokusudia kuwasomea maprofesa. Mazungumzo hayo yafanyike kabla ya fomu ya kwanza kujazwa, kwa sababu fomu za uzamili za vyuo vingi huuliza ni nani atakayelipa karo, na jibu la sehemu hiyo wataliandika wawili.