Gesi ya Nitrasi katika Injini ya Kawaida

SWALI: Bwana Fundi, gari langu la silinda nne halijapata kufanyiwa mageuzi tangu litoke kiwandani. Je, naweza kulitia gesi ya nitrasi bila kuliharibu? – Msomaji, Ruhuwiko, Songea.

JIBU: Waama, ndugu yangu, gesi hiyo si fueli: ipatapo joto la nyuzi 300 hivi ndani ya silinda huvunjika na kutoa oksijeni, ambayo, isipoandamana na petroli ya kutosha, huyeyusha pistoni kabla dereva hajatanabahi. Ni kweli kwamba Songea, iliyoinuka mita 1,000 na ushei, hewa yake haba huipunguzia injini nguvu, na faida ya gesi utaiona; lakini usiongeze zaidi ya nguvu za farasi 50, wala usikubali mtambo usioongeza petroli sambamba na gesi.

Pima kwanza kompresheni. Kisha tia swichi iruhusuyo gesi pale tu pedeli ikanyagwapo hadi mwisho na injini ipitapo mizunguko 3,000 kwa dakika, na nyingine ya kuikata shinikizo la petroli lishukapo. Taimingi irudishwe nyuma nyuzi 2.

Baada ya jaribio la kwanza, zima injini papo hapo, fungua plagi, uitazame kaure yake: hudhurungi hafifu ni salama, chembe za alumini zing'aazo ni dalili kwamba pistoni imeanza kuliwa, nawe huna budi kuacha. Mtungi ufungwe imara, na vali yake ya usalama itokee nje, kwani gesi hiyo humkosesha mtu pumzi. Aidha, barabara ya Njombe si uwanja wa mashindano.