Mafuta Mazito Ndani ya Maji: Somo Kutoka Katika Tui la Nazi

Asubuhi za kipupwe, mwezi wa Juni au Julai, chupa ya mafuta ya nazi iliyoachwa dirishani katika nyumba ya Vigwaza huonekana nyeupe kama samli. Joto limeshuka chini ya nyuzi 24 za Sentigredi, mafuta yameganda, na mtu akiipindua chupa hakitoki kitu. Lakini katika nyumba hiyohiyo nazi ikikunwa, ikatiwa maji baridi na kukamuliwa kwa kifumbu, tui humiminika bila taabu. Mafuta ni yaleyale ya nazi na asubuhi ni ileile. Kwa nini ya chupani yamekataa kutoka, na yaliyomo katika tui yanakwenda?

Swali hilo limewashughulisha pia wahandisi wa mafuta ya petroli. Mbele ya Vigwaza, katika barabara kuu ya Morogoro, hupita malori yaliyobeba petroli na dizeli, vimiminiko vyepesi visivyosumbua bomba wala pampu. Mafuta ghafi si hivyo yote. Kila kimiminiko kina mnato, yaani ukinzani wa tabaka zake zinapoteleza moja juu ya nyingine. Mafuta mazito ya bonde la mto Orinoco, nchini Venezuela, yana mnato unaozidi ule wa maji zaidi ya mara elfu kumi. Kuyasukuma hivyo yalivyo katika bomba refu ni kupoteza nguvu nyingi mno.

Ziko njia tatu zinazotumika sana. Ya kwanza ni kuyapasha mafuta joto. Ya pili ni kuyachanganya na mafuta mepesi, kama wafanyavyo Kanada. Ya tatu ni ile ya tui: kuyavunja mafuta kuwa matone madogo sana, yenye upana wa sehemu moja au mbili za mia za milimita, na kuyatawanya ndani ya maji. Mchanganyiko wa namna hii huitwa emalsheni.

Jambo la kushika hapa ni hili: mwendo wa emalsheni hutawaliwa na kile kilicho nje, si kile kilicho ndani ya matone. Kinachogusa ukuta wa bomba ni maji, na kinachoteleza kati ya tone na tone ni maji. Tone lenyewe laweza kuwa zito kama lami, au hata likaganda, na bado likachukuliwa. Ndiyo maana tui halijali sana baridi ya Julai.

Matone, hata hivyo, hupenda kuungana. Katika tui huzuiwa na protini za nazi zinazoyavika kama ngozi. Katika bomba kazi hiyo hufanywa na kemikali za jamii ya sabuni, ambazo molekuli zake zina upande mmoja unaopenda maji na mwingine unaopenda mafuta. Mwalimu anaweza kulionyesha hilo kwa chupa mbili za maji na mafuta ya kupikia, moja ikiwa na matone machache ya sabuni ya maji. Zote zitikiswe sawasawa, kisha darasa litazame ni ipi inayotengana kwanza.

Kipimo nacho kina mpaka. Tufe zenye ukubwa mmoja, hata zikipangwa vizuri namna gani, hazijazi zaidi ya asilimia 74 ya nafasi. Mafuta yakizidi mno, emalsheni yaweza kugeuka: maji yakawa matone na mafuta yakawa nje. Hapo mnato hupanda hata kupita ule wa mafuta yenyewe, na bomba huwa katika hatari kubwa kuliko mwanzo. Venezuela ilichagua asilimia 70 za mafuta na 30 za maji katika fueli yake iliyoitwa Orimulsion, iliyobuniwa katika miaka ya 1980. Fueli hiyo ilichomwa pamoja na maji yake katika vituo vya umeme vya ng'ambo, mpaka nchi hiyo ilipoiacha katikati ya miaka ya 2000.

Afrika Mashariki ina tatizo lililo jirani na hilo. Mafuta ya Ziwa Albert, Uganda, si mazito kama ya Orinoco, bali yana nta nyingi, na katika joto la kawaida la ardhini huganda. Kwa ajili yake ilichaguliwa njia ya kwanza. Bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, ambako jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2017, lina urefu wa kilometa 1,443, na kati ya hizo 1,147 zimo Tanzania. Limebuniwa livikwe kizuia joto na nyaya za umeme, ili mafuta yasishuke chini ya nyuzi 50.

Je, umeme huo usingeokolewa kwa kufuata njia ya tui? Jibu limo katika mwisho wa safari. Mafuta ya Hoima yakiuzwa kwa viwanda vya kusafisha mafuta hayachomwi na maji yake. Maji lazima yatolewe. Wanawake wa pwani wanaopika mafuta ya nazi wanajua gharama yake: tui huchemshwa saa nyingi, kuni zikiteketea, ndipo mafuta yaachane na maji. Tena maji yanayobaki bombani yangekuwa na sabuni na mabaki ya mafuta, na Chongoleani ni pwani ya mikoko na wavuvi. Kuyasafisha kungekuwa kazi ya kila siku, kwa muda wote ambao bomba lingefanya kazi.

Ukubwa wa kazi hiyo wanafunzi wanaweza kuukokotoa wenyewe. Bomba limebuniwa kupitisha mapipa 216,000 ya mafuta kwa siku, na pipa moja ni lita 159. Kwa uwiano wa 70 kwa 30, maji yangekuwa mapipa 92,571 hivi, yaani karibu lita milioni 14.7 kila siku. Yangechotwa kwanza upande wa Ziwa Albert, kisha yangehitaji mahali pa kumwagwa Tanga.